Sanamu ya udongo hupasuliwa na maji

Wanaoanza kufinyanga sanamu huniuliza kuni zipi zinafaa. Mimi huwauliza kwanza wameikausha vipi, na kama ina uwazi ndani. Sanamu nyingi zinazolipuka tanurini zinaponzwa na maji yaliyobaki kwenye udongo. Joto likifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na kichwa ulichokihangaikia kinapasuka na kuvunja na vya jirani.

Udongo wangu nauchanganya na vigae vya vyungu vilivyotwangwa na kuchekechwa. Chenga zake hupunguza kusinyaa na kuupa mvuke njia. Sanamu ikianza kukaza, naikata kwa waya, nakomba ndani kwa kijiko hadi ukuta ubaki na unene wa kidole, nakwaruza kingo, napaka uji wa udongo na kuzigandamiza. Tundu dogo chini ni lazima. Masikio na vidole hukauka mapema kuliko kiwiliwili, kwa hiyo vifunge nailoni, na kazi yote ikae kivulini. Iguse kwa shavu: ukihisi ubaridi, bado ina maji.

Tazama kazi za Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyewahi kuishi Tanzania. Alianzia kwenye vyungu, na ukiangalia matumbo ya viumbe wake utaona mkono uliozoea kujenga kitu chenye uwazi. Kwa maoni yangu, anayetaka kufinyanga sanamu ajifunze chungu kwanza.

Siku ya kuchoma, nawasha kimoto kidogo mdomoni mwa tanuri tangu alfajiri. Weka kioo juu ya dohani kwa muda mfupi. Kikiingia ukungu, usiongeze kuni. Kuwa mpole pia karibu na nyuzi 573, pale chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo zinapotanuka ghafla. Ukichungulia gizani, ndani utaona wekundu hafifu.

Baada ya hapo ndipo moto ukolee. Tumia kuni kavu, nyembamba, chache chache lakini mara kwa mara. Ukizijaza, moshi mweusi unatanda na joto linashuka. Ndani kukiwa na rangi ya chungwa, uko kwenye nyuzi 900 na kitu. Ziba mdomo na dohani kwa matofali na udongo, uondoke. Hamu ya kufungua ni kubwa, naijua, lakini hewa baridi ikiingia mapema sanamu inapata ufa. Mimi sifungui mpaka niweze kushika matofali ya ndani kwa mkono mtupu.