Jibu: Chama kikuu chetu kilianza lini hasa?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu cheti cha chama kikuu chenu cha ushirika (muungano wa vyama vya msingi vya wakulima) kinasema 1984, ilhali wazee wanaapa walikiuzia kahawa tangu miaka ya 60. Wote wako sahihi. Serikali ya Tanzania ilivifuta vyama vikuu mwaka 1976, kazi zikaenda kwa mamlaka za mazao (mashirika ya serikali), kisha sheria ya ushirika ya 1982 ikavirudisha, vikasajiliwa upya.

Anza na cheti: kimesajiliwa chini ya sheria ipi? Mimi nilipekua kabrasha la mihtasari wiki nzima, kumbe jibu lilikuwa mstari mdogo juu ya mhuri! Siku hizi sheria ya vyama vya ushirika ni Sheria Na. 6 ya 2013.

Na lile ghala la zamani la chama, sasa ni la nani? Hapo siwezi kukuamulia, nenda kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa (msajili wa vyama vya ushirika), masharti ya chama mkononi.