Maswali ya Wasomaji: Raba ya Kaplingi, Laini au Ngumu?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Nina shamba kando ya Mto Sabaki, karibu na Malindi. Pampu yangu ya maji huhitaji kilowati 7.5 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Ilipokuwa ikiendeshwa na mota ya umeme, raba ya kaplingi, yaani kiungo kinachounganisha shafti ya mota na ya pampu, ilidumu sana. Tangu nilipoweka injini ya dizeli ya silinda moja, raba hiyo nyeusi yenye umbo la nyota huliwa upesi, ikaacha unga mweusi juu ya fremu, na miguu yake huchakaa pembeni. Muuza spea ananishauri nichukue ile nyekundu, kwa kuwa ni ngumu zaidi. Je, nimfuate?
Mkulima, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usiinunue bado.

Unga huo, pamoja na kuchakaa kwa pembeni, huonyesha kwanza kwamba shafti mbili hazikukaa mstari mmoja, jambo la kawaida injini inapobadilishwa juu ya fremu ya zamani. Zima injini, ulaze rula ya chuma juu ya vipande viwili vya kaplingi katika pande nne, kisha upime nafasi iliyo baina yao kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kaplingi nyingi za aina hii, zikiwa na raba ya nitrili, ile nyeusi laini, huvumilia mchepuko (shafti moja kukaa kando ya nyingine) wa takriban milimita 0.4 na pembe ya digrii 1 baina ya shafti, nasi tungekushauri ubaki chini ya nusu ya vipimo hivyo. Raba ngumu huvumilia kidogo zaidi ya hapo? La, huvumilia pungufu.

Sababu ya pili ni injini yenyewe. Silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo shafti yako hupokea mishindo 750 kwa dakika, ambayo mota haikuwa nayo. Raba laini huimeza sehemu ya mishindo hiyo. Raba ngumu hubeba msokoto (nguvu ya kuzungusha) mkubwa zaidi, lakini huipeleka mishindo hadi kwenye beringi za pampu, ambazo ni ghali kuliko raba.

Basi piga hesabu. Zidisha kilowati kwa 9,550, ugawanye kwa mizunguko: unapata msokoto wa takriban Nm (nyutoni-mita) 48. Kwa injini kama yako huzidishwa tena kwa kigezo cha kazi, yaani namba ya akiba kwa ajili ya mishindo, kilichomo katika jedwali la mtengenezaji. Kikiwa 2, kwa mfano, utahitaji kaplingi ya Nm 96. Ikiwa raba nyeusi ya saizi uliyo nayo haifiki hapo, sisi tungechagua kaplingi ya saizi inayofuata, pamoja na raba laini, kabla ya kufikiria nyekundu.

Rangi nayo isikuongoze peke yake, kwa kuwa kila kiwanda kina mpango wake. Uliza namba ya Shore A, kipimo cha ugumu wa raba: namba ikiwa kubwa, raba ni ngumu zaidi. Nitrili nyeusi huwa karibu 80, na zile ngumu za poliurethani mara nyingi ni 92 au 98. Nitrili hustahimili dizeli na joto la hadi nyuzi 100, ilhali baadhi ya viwanda huiwekea poliurethani kikomo cha nyuzi 71, na katika kibanda cha mabati tofauti hiyo si ndogo.

Badilisha raba miguu yake inapopungua unene kwa robo. Usingoje pampu isimame, kwani raba ikiisha meno ya chuma huendelea kusukumana yenyewe, na utakachosikia ni mlio wa kugongana.