Je, nitie sahihi ili kiongozi wa chama chetu apunguziwe kifungo?

SWALI: Assalamu alaykum, shehe. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, katibu wa vijana wa chama chetu mtaani. Kiongozi wetu mmoja amehukumiwa kwa kula fedha za leta (serikali). Sasa inazungushwa barua ya kuwaomba majaji wa rufaa wampunguzie miaka, "kwa sababu ya kazi aliyoifanyia chama na jimbo". Ustadhi mmoja ametuambia dini inaruhusu, kwani Mtume (s.a.w.) aliamuru watu wenye heshima wasamehewe makosa yao, na yeye mwenyewe alimsamehe sahaba Hatib kwa sababu alipigana vita vya Badri. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba mama yangu alipofanyiwa upasuaji, kiongozi huyu ndiye aliyelipa hospitali. Nisipotia sahihi nitaitwa mtu asiye na shukrani. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, mwanangu. Jina la kiongozi uliloniandikia nimeliacha, na nakala ya barua uliyoniambatishia nimeisoma mara mbili. Usiitie sahihi. Nitakueleza kwa nini, kisha nirudi kwa mama yako, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipokwama.

Kisa cha Usama bin Zayd kumwombea mwanamke wa Banu Makhzum aliyeiba, Mtume akamkatalia, unakijua tangu madrasa, sina haja ya kukisimulia. Ila ustadhi wenu naye anakijua, ndiyo maana amekipita kimya akaenda kutafuta hadithi nyingine. Hiyo ya watu wenye heshima ameipokea Abu Dawud, na mwisho wake ni "isipokuwa katika hudud", yaani adhabu ambazo Sharia yenyewe imeziwekea kiwango. Maneno hayo ameyakata. Anayekata mkia wa hadithi mbele ya vijana ili chama kifurahi, amche Mwenyezi Mungu. Tena Imam Shafi amefafanua kwamba wanaokusudiwa ni watu wasiojulikana kwa shari, mmoja wao akateleza. Kuteleza! Mtu huteleza mara moja, njia ikiwa na matope. Mwenye kuidhinisha malipo leo, akaidhinisha tena mwezi ujao, akatafuta na jina la kampuni la kupitishia fedha, huyo ametembea kwa miguu yake miwili, na alijua anakokwenda.

Ustadhi wenu atanijibu kwamba kula mali ya umma si hadd (moja ya hudud), bali ni taazir, adhabu isiyowekewa kiwango, na katika taazir kadhi ana nafasi ya kupunguza. Hapo amesema kweli, nami sitaificha kwa ajili ya kushinda mjadala. Wanazuoni wengi wanasema khiana ya aliyeaminiwa mali haina hukumu ya kukatwa mkono, na adhabu yake imeachiwa kadhi. Basi tuulize, kadhi anapunguza kwa sababu gani? Mtu ametubu na amerudisha alichokula. Au ni mgonjwa, au ni mzee sana. Au alikuwa karani aliyeamrishwa na mkubwa wake. Zote hizo ni sababu, na zikiwepo ziandikwe. Kadi ya chama sijaiona katika kitabu chochote cha fikihi, cha madhehebu yoyote.

Na hiyo "kazi aliyoifanyia chama na jimbo", ustadhi hakumkumbuka Mid'am? Alikuwa mtumwa akimhudumia Mtume mwenyewe. Waliporudi kutoka Khaybar, mshale ukampata akiwa anashusha mizigo, akafa. Watu wakasema, hongera yake, ameipata Pepo. Mtume (s.a.w.) akaapa kwamba ile shuka aliyoichukua siku ya Khaybar kabla ngawira haijagawanywa inamwakia moto. Shuka moja! Mtu mmoja aliposikia hayo akaleta kamba ya kiatu, au kamba mbili, akiogopa. Ikiwa kumhudumia Mtume wa Allah hakukufuta shuka, miaka ya kupanda jukwaani na kipaza sauti itafuta nini?

Hatib alikuwa na jambo jingine kabisa. Aliwaandikia Makureishi, maadui wa Mtume wakati ule, barua, ikakamatwa, akaulizwa, akasema kweli palepale. Hakuna mali ya yatima iliyopotea mkononi mwake. Na Mtume alipomtaja kwa Badri alimwambia Umar kwamba huenda Mwenyezi Mungu amewatazama watu wa Badri akawasamehe. Hayo ni mambo ya wahyi. Ni mwenyekiti gani wa chama aliyeteremshiwa habari za kiongozi wake? Katika barua yenu nimetafuta neno moja la kukiri, sikuliona. Nimetafuta ahadi ya kurudisha hata franka mia, sikuiona.

Nisieleweke vibaya. Kukata rufaa ni haki ya mtu, na majaji ni binadamu, wanakosea. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020 kwa kula fedha za umma, rufaa ikaishusha hadi 13, Mahakama ya Kasesheni, iliyo juu ya mahakama za rufaa, ikaitengua, na mwaka 2022 akaachiwa huru. Kama mnaamini kiongozi wenu hakula, andikeni kwamba hakula, toeni ushahidi, mlipieni wakili. Hiyo ni kumnusuru ndugu. Barua yenu haisemi hakula. Inasema ni wetu.

Na ugonjwa huu una upande wa pili, ambao vijana wenu wanaujua vizuri. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilipompa Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, miaka 10 ya kazi ngumu katika kesi ya mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, na Septemba Mahakama ya Kasesheni ilipompa Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 kwa fedha za kujenga gereza la Kisangani, wote wawili walikana. Nami niliwasikia watu, nje ya msikiti, viatu bado mkononi, wakisema wa kwanza ameonewa na wa pili amependelewa, au kinyume chake. Sikumsikia hata mmoja akitaja ushahidi. Walipima kwa kambi tu. Basi aya ya Suratul Maida, kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu, inamhusu pia aliyeshangilia.

Sasa mama yako. Mlipopokea fedha zile mlikuwa na shida, hamkujua zimetoka wapi, na hakuna dhambi juu yenu. Kumshukuru ni wajibu wako. Lakini mshukuru kwa mali yako na miguu yako. Miaka ya kifungo chake si yako, huwezi kuitoa zawadi. Wanaoidai ni wale waliokosa dawa kwa fedha ile ile, na pengine mmoja wao alilala kitanda cha jirani na mama yako.

Nenda ukamwone gerezani. Mimi huenda kuwatembelea wafungwa, na mlangoni huwa namkuta mama mmoja amekaa chini na sufuria ya bukari (ugali) iliyofungwa kitenge, samaki wa kukaanga juu yake kwenye kisahani. Mtoto wake aliiba simu. Hakuna barua iliyozungushwa kwa ajili yake, na hakuna ustadhi aliyemtafutia hadithi. Mpelekee kiongozi wako chakula kama hicho, mfululizo, hata wale waliotia sahihi watakapochoka kwenda. Watazame watoto wake, wasifukuzwe shule. Na mkiwa wawili peke yenu, mwambie kwa adabu, "Mzee, rudisha." Akirudisha, niletee barua nyingine inayosema ametubu na amelipa, nami nitaitia sahihi yangu kabla ya yako.

Kwa mwenyekiti wako, usibishane mbele ya watu. Mfuate nyumbani, mwite baba kama unavyomwita siku zote, umwambie kwamba ungependa kumsaidia mzee, lakini jambo hili dini yako imekuzuia. Akikuvua ukatibu, mwachie daftari na muhuri, hesabu ya michango ikiwa safi mpaka franka ya mwisho, naye atie sahihi kwamba amepokea.