Panzi kwenye chesi: sahau drafti kwanza

Kwenye vijiwe vya Mtwara, panzi, kete ya kubuni isiyokuwemo kwenye chesi ya kawaida, huchezwa kimakosa siku ya kwanza, na chanzo ni drafti: mtu anaruka kete, kisha anaiokota. Panzi hali anachokiruka. Anapita njia za malkia, yaani wima, mlalo na mshazari, akikuta kete ya kwanza, yako au ya mwenzako, anairuka na kutua nyumba inayofuata papo hapo. Haendi mbali zaidi kama kingi wa drafti. Hapo anapotua pakiwa na kete ya adui, hiyo ndiyo anayoila. Pakiwa na yako, kakwama. Asipokuwa na cha kuruka, hasogei.

Alimbuni Mwingereza T. R. Dawson mwaka 1913, kwa ajili ya mafumbo ya chesi, na huchorwa kama malkia aliyepinduliwa. Huku kwetu korosho ghafi nne zinatosha, mbili zipakwe masizi. Zinabiringika, kwa hiyo gandisha kila moja juu ya kizibo cha soda kwa tone la nta. Usizipasue, mafuta ya ganda yanababua ngozi.

Ondoa farasi wote, weka panzi b1, g1, b8 na g8 (herufi ni safu wima, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe; namba ni safu mlalo, 1 ikiwa upande wake). Kete nyingine zibaki zilivyo.

Sasa tazama: Mweupe anamtoa panzi g1, juu ya askari wa f2, hadi e3. Tayari ni cheki, mfalme wa Mweusi anashambuliwa! Mbele yake kuna askari wa e7, na mgongoni mwa askari huyo kakaa mfalme. Dawa rahisi ni Mweusi kumsukuma askari huyohuyo hadi e5: panzi sasa anatua e6, patupu. Ukichomeka kete katikati pia unapona, ila ujue hiyo ndiyo itakayorukwa, na iliyo nyuma yake iko hatarini. Panzi wa b1 naye akifika d3 anamwinda malkia wa d8 kwa mtindo uleule. Wengi wanamsahau huyu.

Mfalme aliye katikati ya ubao anaweza kumkwepa panzi kwa kurudi nyumba moja nyuma kwenye mstari uleule. Anayekushambulia angekuwa ngome, ungekuwa umekufa. Hata kumsogelea panzi ubavuni ni salama: hawezi kumla anayemgusa.

Kete zikipungua, panzi hana kazi. Mbadilishe na askofu mapema ukipata mjinga wa kukubali, na askari wako akifika mwisho chukua malkia.