Vipunje vya njano kwenye perege: nilihangaika na samaki, kumbe shida ni konokono

Mara ya kwanza nilidhani ni mafuta. Nilikuwa natengeneza perege niliyemvua bwawani kwangu, nikamfunua matamvua, nikakuta vipunje vya njano vinavyolingana na punje za mchele. Nikatoboa kimoja kwa ncha ya kisu, kikajinyoosha na kuanza kutambaa. Hamu ya kitoweo ikaishia hapo.

Ni minyoo bapa, jamii ya Clinostomum. Nikakimbilia chumvi, nikabadilisha maji, wiki zikapita na vipunje viko palepale. Usirudie kosa langu. Mnyoo akishajifungia ndani ya nyama ya samaki anaweza kukaa humo miaka, anamsubiri korongo. Korongo akimmeza samaki, mnyoo anakomaa kooni mwa ndege huyo na mayai yanaangukia majini. Kinachoanguliwa hakimwendei samaki, kinamtafuta konokono. Humo kinazaana kwa wingi wa kutisha, ndipo vijidudu vinatoka kuwavamia samaki. Ukimwondoa konokono, safari yote inakatika.

Ukitaka kuamini, weka konokono wachache wa bwawani kwenye glasi ya maji safi, iache kwenye mwanga asubuhi. Wenye ugonjwa hutoa vidoa vyeupe vinavyochezacheza majini. Vaa glavu, maana baadhi ya konokono wa mabwawani hubeba kichocho pia.

Kilichonisaidia ni kazi ya mikono. Nilifyeka magugu yote ya ukingoni, kwa kuwa konokono hula na kutaga humo. Baada ya kuvuna nilitoa maji, nikamwaga chokaa kwenye tope lingali bichi, nikaliacha likauke hadi likapasuka. Usiharakishe hapo: wapo konokono wenye kifuniko, wanajifungia na kustahimili ukame. Mrija wa kuingizia maji niliufunga wavu wa matundu madogo. Wengine hufuga bata ili wawale konokono. Mimi sikushawishika, bata nao wana minyoo yao. Sumu ya shaba inaua konokono, lakini ukikosea kipimo inaua na samaki.

Wale perege wa mwanzo? Nyama ikiiva sawasawa mnyoo amekufa, ila mteja akishaona kipunje harudi. Nilikula mwenyewe, nimefumba macho kidogo.

Siku hizi kila Jumamosi napitisha chekeche ukingoni. Jumamosi iliyopita walitoka konokono wanne.