Taka za Nyuklia Zitahifadhiwa Wapi? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tangu mjadala wa mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini Kenya uhamie Siaya, baada ya upinzani mkali wa wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, maswali mengi yameletwa katika safu hii. Nimechagua yanayohusu taka za mionzi, kwa sababu katika vikao vya hadhara huzungumzwa zaidi ajira, barabara na bei ya umeme, na taka hutajwa dakika za mwisho watu wakiwa wameanza kuinuka.

Nimesikia kwamba taka za mtambo mmoja ni chache mno na hazistahili kututia hofu. Ni kweli au tunabembelezwa? (Msomaji, Bondo)

Kuhusu uchache umeambiwa kweli, lakini hofu haipimwi kwa wingi. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, ambacho ndicho kiwango kilichotajwa mara nyingi katika mipango ya Kenya, huzalisha kila mwaka takriban tani 25 hadi 30 za mafuta yaliyotumika, yaani si petroli bali vijiti vya urani vilivyokwisha kutumika kinuni, na kwa kuwa urani ni nzito sana, tani hizo hazichukui nafasi kubwa. Kwa miaka 60 ya uhai wa mtambo, jumla ni kama tani 1,500 au zaidi kidogo. Mtambo wa makaa ya mawe wenye nguvu hiyo hutoa majivu mengi kuliko hayo kwa siku chache tu.

Tatizo ni hali ya mafuta hayo yanapotoka kinuni. Kabla ya kutumika, mfanyakazi anaweza kuyashika akiwa amevaa glavu; yakishatumika, mtu atakayesimama karibu nayo bila kinga atapata dozi ya kumuua katika muda wa dakika chache. Ndiyo maana hutolewa chini ya maji na kuwekwa katika bwawa lenye kina cha mita kadhaa juu yake, maji hayo yakifanya kazi mbili, kuzuia mionzi na kupunguza joto, kwa sababu mafuta yaliyotumika huendelea kutoa joto hata kinu kikiwa kimezimwa. Bwawa hilo linahitaji pampu, na pampu zinahitaji umeme. Kule Fukushima, Japani, tsunami ya Machi 2011 ilipokata umeme, mojawapo ya mambo yaliyowakosesha wahandisi usingizi ni bwawa la kinu namba 4, hata ikabidi maji yamiminwe kwa mtambo wa kupampu zege wenye mkono mrefu. Baada ya miaka mitano hivi au zaidi, mafuta yaliyopoa yanaweza kuhamishiwa katika makasha ya chuma na zege yanayopozwa na hewa tu, na mimi huona kwamba hapo ndipo hatari hupungua kwa kiasi kikubwa.

Kuna pia taka hafifu, yaani glavu, mavazi, vichujio na vyombo vilivyochafuliwa, ambazo ni nyingi kwa ujazo lakini zina mionzi kidogo. Afrika Kusini, nchi pekee barani Afrika yenye mtambo wa nyuklia unaozalisha umeme, huzika taka za namna hiyo kutoka mtambo huo, Koeberg, katika eneo kame la Vaalputs. Mafuta yaliyotumika ni suala jingine. Hayo bado yamo Koeberg kwenyewe.

Sumu yake huisha baada ya muda gani? (Mwalimu, Malindi)

Hakuna jibu moja, kwa sababu taka hizo ni mchanganyiko wa elementi nyingi na kila moja ina mwendo wake. Wataalamu hupima muda unaohitajika ili nusu ya mionzi ipotee: iodini-131 huchukua siku 8, sesiamu-137 miaka 30 hivi, na plutoniamu-239 takriban miaka 24,100. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Kama sesiamu ingefungiwa chini ya msingi wake siku ile, leo isingebaki hata sehemu moja katika elfu kumi. Kama ingekuwa plutoniamu, karibu asilimia 99 ingali ipo. Waambie wanafunzi wako wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Je, taka zitamwagwa Ziwa Victoria? (Mvuvi, Homa Bay)

Mafuta yaliyotumika hayamwagwi majini, na tangu uamuzi wa mwaka 1993 chini ya Mkataba wa London, utupaji wa taka zote za mionzi baharini umepigwa marufuku. Hata hivyo ni vyema ujue kwamba mkataba huo unahusu bahari, na ziwa si bahari. Isitoshe, mitambo ya nyuklia huruhusiwa kisheria kutoa maji yaliyochujwa yenye mionzi kidogo, hasa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ambayo ni vigumu kuitenga kwa kuwa hujiunga na maji yenyewe.

Kwa ziwa letu jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Ziwa Victoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa njia ya mvuke, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Kwa hiyo chembe zisizopanda na mvuke, kama sesiamu, zikiingia zina nafasi kubwa ya kutulia kwenye tope, ambako samaki hujilisha. Tena Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Sehemu nyingine ni ya Tanzania na Uganda, na sioni jinsi viwango vya kutoa maji vinavyoweza kupangwa Nairobi peke yake. La kudai mapema ni vipimo vya maji, tope na samaki kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, tena vichapishwe. Bila vipimo vya mwanzo, mvuvi atakayelalamika miaka 20 baadaye hatakuwa na ushahidi, na hata mwenye mtambo asiye na hatia hataweza kujitetea.

Kwa nini tusimlazimishe anayetuuzia kinu achukue taka zake? (Mfanyabiashara, Kisumu)

Inawezekana, ila soma mkataba neno kwa neno. Urusi iliafikiana na Bangladesh kwamba mafuta yaliyotumika katika mtambo wa Rooppur yatarudishwa Urusi; lakini kule El Dabaa, Misri, ambako mtambo bado unajengwa, mpango wa Warusi haohao ni kujenga ghala la kuyahifadhi nchini humohumo. Lipo pia jambo ambalo wanasiasa hulipita haraka: kurudisha mafuta si lazima kuwe ni kurudisha taka. Ufaransa na Uingereza zilichakata mafuta yaliyotumika ya Japani ili kutoa kinachoweza kutumika tena, kisha taka kali zilizobaki, zikiwa zimechanganywa na kioo kilichoyeyushwa, zikarudishwa Japani kwa meli.

Kuna nchi yoyote iliyokwisha kutatua suala hili? (Mwanafunzi wa chuo, Eldoret)

Iliyo mbele ni Finland. Katika kisiwa cha Olkiluoto wamechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa kale, ambamo mafuta yatazikwa katika mitungi ya shaba iliyozungushiwa udongo wa mfinyanzi unaofura ukipata maji na kuziba nyufa. Kinachonivutia zaidi kuliko shaba na mwamba ni utaratibu wao. Tangu mwaka 1988 kampuni za umeme zimekuwa zikichangia mfuko wa kitaifa wa kugharimia kazi hiyo, na halmashauri ya Eurajoki, wenyeji wa eneo hilo, ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kukataa. Ilikubali. Katiba ya Kenya inatambua ushiriki wa umma katika kifungu cha 10 na haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, lakini kusikilizwa si sawa na kuwa na uwezo wa kukataa.

Marekani, kwa upande mwingine, ilitunga sheria mwaka 1982 na kuahidi kwamba kuanzia mwaka 1998 serikali ingepokea mafuta yaliyotumika. Haijapokea. Mlima Yucca, katika jimbo la Nevada, uliochaguliwa kuzikia taka hizo haujafunguliwa, tani zipatazo 90,000 zimebaki kwenye viwanja vya mitambo, na hazina ya nchi hiyo imelipa kampuni za umeme fidia ya mabilioni ya dola. Mimi si mpinzani wa kawi ya nyuklia, ila nisingetia sahihi ununuzi wa kinu kabla mfuko wa taka haujawekwa kisheria na eneo la kuzihifadhi halijatajwa kwa jina.

Sisi wauza skrepa tunahusikaje na haya yote, na Kenya bado haina kinu? (Mnunuzi wa vyuma chakavu, Nairobi)

Pengine unahusika kuliko wengine wote walioandika. Hospitali zinazotibu saratani, viwanda, na wahandisi wanaopima jinsi barabara ilivyoshindiliwa hutumia vyanzo vya mionzi, na vikichakaa huwa taka. Nchi ina kituo cha kuzishughulikia Oloolua, chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya matibabu iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa, wakaiuza kwa mwenye yadi ya skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani, naye akaupeleka nyumbani na kuwagawia jamaa na marafiki. Wanne walifariki, akiwemo mtoto wa miaka sita, na zaidi ya watu 100,000 walilazimika kupimwa.

Kwa hiyo, ukiletewa kifaa kidogo kizito kupita kawaida, chenye ganda la madini ya risasi au alama ya mapanga matatu kuzunguka kitone, usikikate, usikigonge wala usikihamishe. Watoe watu wote karibu nacho, funga eneo hilo, kisha wapashe habari polisi au KNRA, na aliyekileta asiondoke mpaka apimwe.