Muulize Shangazi: Shule ya Kiwelisi, tumpeleke mtoto au tumwache?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Cardiff. Mume wangu mtu wa Kigoma, mimi Mombasa, nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Mdogo anatimiza miaka mitatu mwezi wa kumi. Juzi imeingia barua ya halmashauri, wanataka kupanua shule inayofundisha kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya huku Wales, mtaani kwetu na wazazi tutoe maoni. Baba watoto anasema Kiwelisi kitampeleka wapi wakati Kiingereza chenyewe hajakijua, atachanganyikiwa, na homuweki tutamsaidiaje? Jirani ananiambia niitupe tu hiyo barua. – Mama Wawili, Cardiff

Marahaba mwanangu. Hiyo barua usiitupe, na kama ishaingia kwenye pipa kaitoe. Ntakwambia kwa nini, ila ngoja nianze na baba watoto manake wasiwasi wake ni wa haki kabisa, hata sisi tulikuwa nao.

Mtoto hapotezi Kiingereza. Wenyewe wana neno lao, trochi, yani kuzamisha, miaka ya mwanzo mwalimu anaongea nae Kiwelisi kitupu kuanzia anavua koti asubuhi mpaka anavaa tena jioni, halafu akifika kwenye miaka 7 Kiingereza kinaingia darasani kama somo, na akifika sekondari anafanya mtihani wa Kiingereza uleule wa wenzake wa shule zingine. Na Cardiff hii Kiingereza kiko kwenye basi, kwenye katuni, kwenye mpira wa kichochoroni, kitamkuta tu. Kuhusu homuweki, huku kusini mashariki watoto wengi wa hizi shule wanatoka nyumba zisizojua Kiwelisi hata kidogo, kwa hiyo barua za shule zinakuja kwa lugha mbili na walimu wameshazoea wazazi kama sisi. Mimi nlikuwa namwambia mwanangu nisomee hapo, halafu nieleze kwa Kiswahili hicho kisa kinasema nini. Bila kujua nlikuwa namjenga Kiswahili chake, akitafuta neno la "zizi" au "mto" kwenye kichwa chake mpaka alipate.

Alafu kuna kitu watu hawatwambii. Sisi wa Kiswahili tuna njia ya mkato kwenye lugha hii. Inasomwa kama ilivoandikwa, kama yetu. Dd yao ni dh ya dhahabu, th yao ni th ya thamani, na ch yao ni ile kh ya kheri, nyie wa pwani mmezaliwa nayo. Neno linabadilika mbele, sio nyuma, Caerdydd ukisema "ndani ya Cardiff" inakuwa yng Nghaerdydd, mtoto anaejua mtoto na watoto hashtuki na hilo. Kumi na moja yao ni un deg un, yani moja kumi moja. Kinachotusumbua ni ll tu: weka ulimi kama unataka kusema L halafu puliza hewa pembeni. Mwanangu akiwa na miaka mitatu alirudi nyumbani akashika kikombe akaniambia llaeth, maziwa, mate yakarukia mezani, nikarudia mie vibaya, akanishika shavu kwa kidole akanionyesha hewa inapotakiwa kutokea.

Sasa barua. Kila halmashauri ya Wales, na ziko 22, inatakiwa kisheria iwe na mpango wa elimu ya Kiwelisi. Sheria yenyewe ni ya 2013, na mipango ya sasa ni ya miaka 10, imeanza Septemba 2022. Zamani ilikuwa halmashauri inasubiri wazazi wapige kelele mpaka watoto wanabanana kwenye vyumba vya muda uani ndo inajenga. Siku hizi inatakiwa itangulie, iseme ndani ya miaka 10 watoto wangapi wa darasa la kwanza watasoma kwa Kiwelisi na viti vitatoka wapi. Lakini mwanangu, kiti kinafuata jina. Wakikaa kupanga wanaangalia waliozaliwa, wanaangalia maombi, wanaangalia wangapi wako kwenye vikundi vya awali vya Cylch Meithrin. Watoto wetu wakiwa hawamo kwenye hizo orodha, na sisi hatujajibu barua, mtaa wetu unaandikwa kwamba hauhitaji. Sio kwamba wanatuchukia, hawatuoni. Shule ya Hamadryad pale Butetown ilianza 2016 kwa kuazima kiwanja cha shule nyingine, ikahamia jengo lake 2019, na kabla ya hapo wazazi wa Grangetown na Butetown walisukuma miaka na miaka. Ule mtaa wa mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni, leo watoto wao wanaingia kwa mguu shule ya Kiwelisi.

Kwa hiyo, maoni ya namna hii huwa yanafunguliwa siku 42 na zaidi, angalia tarehe kwenye barua leoleo. Sio lazima uandike insha. Andika mnaishi wapi, mtoto ana umri gani, nyumbani mnaongea nini, na mngependa nini. Kama mna hofu ya Kiingereza iandikeni pia, ni maoni halali. Halafu mpeleke mdogo Ti a Fi, kile kikundi cha mama na mtoto, mkae mkekani muimbe, baba watoto nae aje aone kwa macho yake. Fomu ya Reception, darasa la kuanzia shule, inajazwa kwenye halmashauri na dirisha linafungwa mwezi wa kwanza, mimi mwaka mmoja nlichelewa na wa kwanza wangu akasoma mbali na nyumbani mwaka mzima, mvua ya huku unaijua.

Ila Kiswahili msikiache nyumbani, hata siku moja, hata mtoto akijibu kwa lugha ingine.

Jambo shangazi. Mimi baba, natoka Bukavu, walituleta Newport mwaka huu. Mutoto wangu mukubwa iko na miaka 9. Anapenda hii lugha sababu rafiki yake wa mpira anaisoma. Lakini si amechelewa? Na shule iko mbali na sina gari. – Baba wa Newport

Jambo sana ndugu yangu, poleni na safari. Hajachelewa. Gwynedd kule kaskazini walianzisha vituo vya wageni mwaka 1984, mtoto mkubwa anakaa wiki kadhaa kwenye kikundi kidogo anazamishwa Kiwelisi halafu anaingia darasani na wenzake, na mtindo huo umeshasambaa halmashauri nyingi. Piga simu halmashauri, sema mtoto ni latecomer, neno hilohilo, watajua unaongelea nini. Usafiri: sheria ya Wales inasema mtoto wa msingi anaeishi maili 2 au zaidi kutoka shule inayomfaa iliyo karibu zaidi apelekwe bure, sekondari maili 3, na halmashauri inatakiwa irahisishe watu kufika shule za Kiwelisi. Waulize kwa maandishi na wakujibu kwa maandishi. Sekondari msihofu, Newport imepata ya kwake ya Kiwelisi, Gwent Is Coed, tangu 2016, zamani watoto walikuwa wanasafirishwa nje ya mji.

Salaam dada. Mimi mwalimu wa sekondari Morogoro. Shuleni kwetu kuna kibao cha kukataza Kiswahili, anaekutwa anaongea anaadhibiwa. Nasikia Wawelisi walipitia hayo, wakatokaje? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, umenigusa. Walipitia hayohayo. Kilikuwa kipande cha ubao kimechorwa herufi W.N., Welsh Not, anaekutwa anaongea Kiwelisi anavishwa shingoni, akimsikia mwenzie anampa yeye, na atakaekuwa nacho jioni anachapwa. Wakenya wanaosoma hapa wanaikumbuka ile disiki ya shuleni kwao, ni kitu kilekile. Na 1847 ikatoka ripoti ya serikali, imeandikwa na Waingereza watatu wasiojua Kiwelisi, ikasema lugha ndo inawarudisha nyuma hata kwa tabia. Wazazi wengine wakaamini, hapo ndo iliuma zaidi.

Walianza kutoka padogo sana. 1939 vita imeanza, watoto wa Liverpool wamehamishiwa Aberystwyth, darasa linageuka Kiingereza, Ifan ab Owen Edwards akafungua shule ya binafsi ya Kiwelisi yenye watoto 7. 1947 halmashauri ikafungua ya kwake Llanelli, 1956 sekondari ya kwanza Rhyl, 1971 vikundi vya awali vikapata chama chao. Kila hatua ni wazazi kwanza, ofisi baadae. Serikali yenyewe 2017 ndo ikasema inataka waongeaji milioni moja ifikapo 2050, na kila rika watoto 30 kwa mia wasome kwa Kiwelisi ifikapo 2031, kutoka 22.

Lakini sitaki nikupambie. Sensa ya 2021 ilikuta waongeaji kama 538,000, asilimia 17.8, wamepungua kutoka 562,000 ya 2011. Majengo wanayo, viti wanavyo, walimu hawatoshi, na wewe mwalimu unajua darasa bila mwalimu ni nini. Wanachofanya ni kumtoa mwalimu wa kawaida darasani, mshahara wake unaendelea, anaenda kusoma Kiwelisi muhula au hata mwaka mzima halafu anarudi. Mwalimu mmoja wa mwanangu alipitia huko, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, siku ya wazazi alikuwa anasoma sentensi kwenye karatasi kidole kikifuata maneno, na watoto wa mstari wa mbele wakimrekebisha matamshi, na yeye anarudia.